Safu ya Pembeni

Wa kwanza kusema ni Mnunduma, karani wa chama cha msingi,
aliyeingia steshenari kutoa kopi,
akachungulia kioo cha kompyuta yangu, akacheka:
"Korosho hiyo? Mnunuzi ataomba na betri zake."

Nilikuwa na siku tisa nayo.
Picha ya pakiti, nusu kilo, chapa mpya ya Newala,
na malipo ya awali nilishayanunulia betri ya akiba.
Nilishusha wekundu, nikapandisha unjano,
mparuzo nikaupeleka nukta sita, nikaurudisha nukta nne,
nikatia na mikwaruzo midogo, kama ya kucha.
Ikawa plastiki ya njano.
Ikawa plastiki kavu.
Ikawa plastiki iliyokwaruzwa.

Ni hivi, nikamwambia, wewe utanielewa.
Kitabu chako cha stakabadhi kina safu:
jina la mkulima, kilo, daraja,
na chini hesabu yake: toa ushuru, toa usafirishaji,
kinachobaki ndicho cha mwenyewe.
Kitabu hicho kikiwa kitupu, sisi tunakiita sheda.
Hakijui korosho ni za nani.
Kinajua kuuliza, na kinajua kukokotoa:
nuru ikigonga, hii irudi, hii isambae, hii ife hapo hapo.
Matirio ni stakabadhi iliyokwisha kujazwa:
Asumini Likwata, kilo mia mbili na kumi, daraja la kwanza.
Kwa kitabu kile kile nimejaza bati lenye kutu,
nimejaza chungu,
nimejaza jani la muhogo lenye umande.
Fomu ni moja, Mnunduma. Majibu ndiyo yanayotofautiana.

Akakunja kopi zake, akazitia kwapani.
"Na kama fomu haina safu ya jambo lenyewe?
Mwaka juzi tuliletewa vitabu visivyouliza unyevu.
Tuliandika pembeni, kwa penseli.
Hesabu haikuusoma."

Umeme ukakatika.
Betri yangu mpya ikalia kama kifaranga, ikanyamaza.
Nikafunga duka.

Nyumbani mama alikuwa anachambua.
Vidole vyake ni vyeusi tangu sijazaliwa,
mafuta ya ganda la korosho hayajui msamaha.
Alishika punje moja akaiinua mbele ya taa ya sola,
na punje ikawaka.
Ukingoni, pale palipo pembamba,
rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai.
"Nzima."
Akainua nyingine. Kivuli katikati.
"Hii ina mdudu."
Wala hakuwa anaitazama korosho, nikaona;
alikuwa anautazama mwanga
ulioingia upande huu, ukapotea kidogo mle ndani,
ukatokea upande wa pili umebadilika.

Siku tisa!
Siku tisa nimejaza kwa bidii fomu
ambayo swali hilo haikuwa nalo.
Fomu yangu ilijua kurudisha tu. Kuingia haikuandikwa.

Usiku ule, umeme uliporudi, rangi sikuzigusa.
Nilifungua kanuni yenyewe, mahali ambapo huwa siendi,
nikaiongezea safu: nuru izame kina gani,
ikitoka itoke imevaa nini.
Nilikosea mara nyingi. Mara moja korosho ilitoweka kabisa,
mara moja ikang'aa kama tumemeza taa.
Ukungu wa bonde la Ruvuma ulipopanda hadi dirishani
ndipo nilipoanza kujaza:
milimita mbili.
Maziwa, na tone la chai.

Mnunduma ameiona. Hakucheka, akauliza bei ya pakiti.

Kitabu ni kipya sasa, na mimi ni mtu wa kujaribu.
Nimejaza sikio la mtoto mbele ya jua, nimejaza mshumaa,
vyote vinakubali.
Jana nikajaza kidole cha mama.
Nyama imo, nuru inaingia, damu inaitikia kwa mbali.
Ule weusi
nimeuandika pembeni, kwa penseli.